Uzinduzi wa Kamba Mpya ya Kreni Namba Moja

Mheshimiwa Katibu Mkuu, mama yetu, uliyekubali kuacha kazi nyingi na nzito za Makao Makuu ili uje ukalie kiti hiki cha plastiki ambacho tumekifunika kitambaa. Waheshimiwa Wakurugenzi, Wakurugenzi Wasaidizi, na Wasaidizi wa Wakurugenzi Wasaidizi. Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, pamoja na Ndugu Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi. Bibi Mpiga Picha, ambaye namwomba tangu sasa anipige kutokea upande wa kushoto. Fundi Mkuu wa karakana hii, mzee wetu, naona leo umevaa ovaroli iliyofuliwa, hongera. Mafundi, wafungaji mizigo, wafagiaji, mabibi na mabwana. Na mwisho kabisa mimi mwenyewe, Meneja Mwandamizi wa Matengenezo, Ukarabati, Ubadilishaji wa Vipuri na Mambo Yanayohusiana na Hayo, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa nimeombwa na ofisi yangu niwe msemaji mkuu wa siku ya leo: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, naomba izingatiwe sasa hivi.

(Makofi. Mshereheshaji anainua mikono ili makofi yasikome.)

Asanteni. Basi. Basi jamani, mtanitoa machozi bure.

Mheshimiwa Katibu Mkuu, kwa faida yako na ya wenzetu wengine mliozoea mazingira ya ofisini, naomba uinue macho juu. Taratibu, usiumie shingo. Ile boriti kubwa ya chuma, ya rangi ya njano, inayokatisha karakana kutoka ukuta huu hadi ukuta ule na kutembea juu ya reli mbili huko karibu na paa, ndiyo Kreni Namba Moja. Ile inayoning'inia ni kamba ya chuma, na mwisho wa kamba ni ndoano. Kila kizito kinachoingia humu, iwe injini, iwe gia, iwe boila, husafiri kwa ndoano hiyo kupita juu ya vichwa vya hawa unaowaona. Kreni Namba Mbili nayo ipo, kule mwisho, lakini hiyo tunaihifadhi kwa ajili ya vizazi vijavyo, kwa kuwa vipuri vyake vyote tumeshavihamishia Namba Moja.

Na yule aliyeketi kwenye kile kibanda cha vioo, mita kumi na mbili kutoka hapa tulipo, ni dereva wa kreni. Ni mpwa wangu wa damu, mtoto wa dada yangu mkubwa, lakini niseme waziwazi, ili mwenye wivu akajinyonge, kwamba kazi aliipata kwa sifa zake mwenyewe, kwa sababu siku ya usaili mimi nilikuwa semina.

(Sauti kutoka kibandani: "Shikamoo, Mjomba!" Vicheko.)

Marahaba. Hapana! Kazini hakuna mjomba. Kazini kuna Meneja Mwandamizi. Marahaba, lakini hapana.

Ndugu zangu, leo tunazindua mradi ambao haujapata kuonekana. Narudia, na naomba waandishi mliandike hivyohivyo: haujapata kuonekana. Ni Mradi Kabambe wa Matengenezo ya Mara kwa Mara na Ubadilishaji wa Vipuri vya Kreni, kwa kifupi MKAMAMAUVIKRE, jina ambalo mshauri mwelekezi wetu alilifikia baada ya warsha ya wiki sita, na ambalo lenyewe peke yake limepandisha ari ya wafanyakazi kwa asilimia thelathini na nne. Mradi huu una vizheni, una misheni, una roudimapu, una stekiholda wa ndani na stekiholda wa nje, na una implementesheni ya awamu saba, ambazo awamu sita kati ya hizo, kwa ripoti niliyoiandika mwenyewe, zilikamilika kabla ya kuanza.

(Makofi. Mtu mmoja anapiga miluzi. Haieleweki ni ya namna gani.)

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nikaongeza: ukiupaka ufa rangi vizuri, ukuta haujengwi na ufa hauonekani. Ndiyo falsafa ya menejimenti yangu. Ndiyo maana boriti ile inang'aa njano. Mliizoea ikiwa na kutu, semeni ukweli!

(Sauti: "Kutu ingalipo, iko chini ya rangi!")

Ahsante kwa fidibaki. Kutu iliyo chini ya rangi ni kutu iliyodhibitiwa.

Nije kwenye takwimu, maana bila takwimu hotuba ni umbea tu. Utaratibu unataka kreni ikaguliwe kila Jumatatu: kamba, breki, ndoano, magurudumu, na grisi iwekwe panapostahili grisi. Sisi hatukuridhika na Jumatatu moja moja, huo ni mwendo wa kinyonga. Kwa kutumia mbinu za kisasa tumezikagua Jumatatu zote za mwaka huu, zote za mwaka ujao na zote za mwaka unaofuata. Fomu mia moja na hamsini na sita, Mheshimiwa Katibu Mkuu, zote nimezisaini kwa mkono wangu huu katika alasiri moja, mpaka kidole kikavimba. Leo hii ukiniuliza hali ya breki Jumatatu ya pili ya mwezi wa nane mwaka keshokutwa, sibabaiki, nakujibu: nzuri sana.

(Fundi Mkuu anakohoa. "Meneja, hizo Jumatatu zenyewe hazijafika.")

Mzee wangu, ndiyo maana ya kuwa mbele ya wakati. Wengine huchelewa, mnalalamika. Sisi tumewahi, mnalalamika. Binadamu hana jema.

Na hapa niwashukuru Kamati ya Mapambo. Nilipoingia leo asubuhi nikaitazama kamba ya kreni, nikaona imefungwa vitambaa vyekundu, kimoja hapa, kingine pale, nikasema moyoni, loo, hawa watu wananipenda. Nikavihesabu. Kumi na saba! Na mimi mwaka huu natimiza miaka kumi na saba katika utumishi. Nilivimba kifua, sikufichi. Nimekuja hata na mkasi wangu mfukoni, ili kile cha chini kabisa, kile kilicho karibu na ndoano, nikikate kama utepe wa uzinduzi.

(Minong'ono. Fundi Mkuu anasimama, kofia mkononi. Anasema vile si mapambo. Kila Jumatatu, zile za kweli, yeye hupanda juu na kipande cha shati kuukuu, akaifuta kamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Pale nyuzi za chuma zilipokatika, kitambaa hunasa. Kikinasa, hukifunga palepale kiwe alama.)

Keti, Mzee. Nimekusikia. Keti.

Kwa hiyo unataka kuniambia, mbele ya Katibu Mkuu, siku ya sherehe, kwamba vile vitambaa kumi na saba...

("Ishirini na moja, Meneja. Vinne viko upande usiouona.")

Sawa. Basi tuseme ni mapambo yenye data. Bibi Mpiga Picha, hilo la mkasi liache.

Najua wapo wenye midomo mirefu watakaokimbilia kulitaja lile tukio dogo la mwezi uliopita. Nalitaja mwenyewe, sina cha kuficha. Ni kweli breki ya Kreni Namba Moja ina tabia ya kuuachia mzigo ushuke kidogo baada ya dereva kusimamisha. Shibiri moja, wakati mwingine mbili. Mafundi wanaita hitilafu. Mimi, katika ripoti ya robo mwaka, nimeiita teknolojia ya kutua taratibu. Na ni kweli kwamba gia moja, kwa kutua taratibu, ilimtulia mfungaji mizigo wetu, ndugu yetu Kanyaga, yule pale mstari wa mbele mwenye magongo na plasta. Inua gongo wakuone, Kanyaga!

(Kanyaga hainui gongo.)

Ana aibu. Lakini tusiongozwe na hisia, tuongozwe na takwimu. Karakana hii ina wafanyakazi mia moja na arobaini na watatu. Hiyo ni miguu mia mbili na themanini na sita. Mguu uliovunjika ni mmoja. Maana yake, Mheshimiwa Katibu Mkuu, ni kwamba miguu ya karakana hii ni mizima kwa asilimia tisini na tisa nukta sita tano. Nionyesheni karakana nyingine yenye miguu ya kiwango hicho!

(Wakurugenzi wanapiga makofi. Huko nyuma mtu anauliza kwa sauti: "Na yake yeye?")

Yake yeye ni asilimia hamsini, na tunamwombea.

Sasa basi, tuyaache ya kale. Leo ndiyo siku yenyewe. Leo yale mliyoyalilia miaka miwili, kamba mpya, pedi mpya za breki na ndoano mpya yenye ulimi wake wa usalama, maana huu uliopo umefungwa kwa waya wa kufungia kuku, yote yamefika. Tazameni kulia kwangu. Mnaliona sanduku lile la mbao, rangi ya buluu, lenye utepe? Lisomeni ubavuni: KAMBA MPYA, PEDI ZA BREKI, NDOANO KAMILI. TANI NNE. Hayo ndiyo maendeleo, yamekaa kimya, yanasubiri hotuba iishe.

(Makofi ya kweli, kwa mara ya kwanza. Kanyaga anajifuta macho kwa kiganja. Fundi Mkuu amesimama tena, anataka kulisogelea sanduku.)

Usiliguse, Mzee! Rangi mbichi. Tena lipo chini ya itifaki.

Programu ni hii. Kwa kuwa tunazindua vipuri vya kreni, ni haki na heshima viinuliwe na kreni yenyewe. Dereva atalinyanyua sanduku pale lilipo, atalipitisha juu ya vichwa vyenu nyote, polepole, kama baraka, mpaka hapa mbele ya jukwaa, nami nitalipokea kwa mkono mmoja huku nikitabasamu kushoto. Hapo picha. Mheshimiwa Katibu Mkuu atatamka kwamba mradi umezinduliwa, ataelekea uwanja wa ndege, nasi saa nane mchana tutaanza rasmi kazi ya kushusha ile boila ya tani kumi na mbili iliyoko getini, kwa kreni hii hii, bila kisingizio. Dereva, anza!

(Kreni haianzi.)

Dereva, nimesema anza.

(Dereva ametoa kichwa dirishani. Anasikika vizuri, mashine zote zimezimwa kwa ajili ya sherehe. "Mjomba, kama kamba mpya imo humo sandukuni, si mlifungue? Tuifunge kwanza, ndipo niinue.")

Hiyo si proseja. Proseja inasema uzinduzi kwanza, ufunguzi baadaye, ufungaji katika awamu ya saba. Huwezi kukifunga kitu ambacho hakijazinduliwa, hicho kitu kisheria bado hakipo.

("Tani nne, kwa kamba ile yenye vitambaa, juu ya watu mia na arobaini? Siinui.")

Mpwa wangu, usiniaibishe. Mgonjwa si huenda duka la dawa kwa miguu yake mwenyewe? Basi na kreni ijibebee dawa yake, mara moja tu, ya mwisho!

("Mgonjwa akianguka njiani anaanguka peke yake, Mjomba. Hii ikianguka haianguki peke yake.")

(Viti vinakwaruza sakafu. Mstari wa kwanza wanabeba viti vyao, wanarudi nyuma. Mstari wa pili unafuata.)

Mnakwenda wapi? Rudini! Mpangilio wa viti umepitishwa na kamati! Mkurugenzi Msaidizi, hata wewe?

Dereva, nisikilize. Wapo watu kumi wanaoitamani kazi hiyo. Kesho asubuhi naweza kumweka mwingine.

("Mpandishe sasa hivi, usingoje kesho. Ngazi iko wazi.")

Nitamwambia mama yako!

("Mwambie. Mimi ndiye niliyekuwa hapa juu siku ile, Mjomba. Nilivuta breki kwa mikono miwili, gia ikaendelea kushuka, nikamsikia Kanyaga akilia chini yangu, na mimi nimefungiwa kwenye vioo sina la kufanya. Naogopa. Nasema kweli mbele ya watu wote, naogopa, na silali. Nifukuze tu.")

(Kanyaga anaitazama sakafu.)

Mheshimiwa Katibu Mkuu, huyu ni msichana mwenye hisia nyingi, upande wa baba yake wako hivyo. Nakuomba dakika moja. Kahawa ipo. Mshereheshaji, mpe Mheshimiwa kahawa, mgeuzie kiti aangalie bustani.

Dakika moja tu. Mimi na dereva tutawasiliana kitaalamu.

(Meneja Mwandamizi anaupa mgongo jukwaa. Katika karakana kelele za mashine hazimwachi mtu asikike, kwa hiyo watu wa kreni huongea kwa mikono, na yeye mwenyewe aliwahi kuhudhuria kozi ya siku tatu ya ishara hizo. Anamtazama dereva. Anaelekeza kidole kwenye sanduku. Anafungua viganja vyote viwili, anavipindua mara mbili, kisha anainua kidole gumba taratibu huku akikonyeza jicho.)

(Kwanza anacheka mfagiaji mmoja. Kisha wanacheka mafundi wa gia. Kisha karakana nzima. Kanyaga anapiga gongo sakafuni.)

Mnacheka nini? Nani amewaambia mcheke? Yale yalikuwa mawasiliano ya ngazi ya juu!

(Katibu Mkuu amegeuza kiti. Anamuuliza Fundi Mkuu ishara ile maana yake nini. Fundi Mkuu anavua kofia tena. "Mheshimiwa, viganja kupinduliwa mara mbili maana yake mzigo hauna kitu ndani. Kidole gumba maana yake inua. Amemwambia sanduku ni tupu, ainue bila wasiwasi. Hapa kila mtu anazijua ishara hizo, mama, hata anayepika chai.")

Mzee huyu amestaafu kimawazo! Ishara zina tafsiri nyingi! Kuna shule mbalimbali za ishara...

(Katibu Mkuu ameshuka jukwaani, mkoba kwenye mkono wa kushoto. Anafika kwenye sanduku. Kwa mkono wa kulia anashika kona moja ya tani nne, anainyanyua, anaiachia. Sanduku linatoa mlio wa mbao.)

Naam.

Mheshimiwa, kabla hujasema lolote, naomba tulitazame jambo hili kwa mtazamo chanya. Sanduku likiwa tupu, hatari iko wapi? Haipo! Mimi nimewalinda watu hawa! Angekuwa meneja mwingine asiyejali angeweka humo vitu vizito kwelikweli. Dereva, umesikia mwenyewe, limepimwa na Katibu Mkuu kwa mkono mmoja. Mbao na misumari, basi. Inua, mwanangu, tupate picha tu, mimi mjomba wako nakuomba.

("Kama ni jepesi hivyo, Mjomba, nenda ukasimame chini yake, nilipitishe juu yako wewe.")

Mimi?

(Karakana yote inamwangalia. Bibi Mpiga Picha ameinua kamera, upande wa kushoto.)

Mimi nisimame... Hapana, hilo, unajua, kiutaratibu... Hata likiwa tupu, ndoano yenyewe si ina uzito wake? Na kamba ile... vitambaa ishirini na kimoja si mchezo... Mimi nina familia, jamani! Nina watoto wawili bado wako shule!

(Hakuna anayecheka safari hii. Kanyaga anasema taratibu, lakini anasikika: "Mimi nina wanne.")

Kaka, niletee maji. Yapo mezani kwangu, pale jukwaani. Asante.

(Dereva amefunga mlango wa kibanda na ameanza kuteremka ngazi, hatua kwa hatua, uso ukiwa ukutani. Fundi Mkuu ameifikia swichi kuu ya kreni, ameizima, amepitisha kufuli, amelifunga. Ufunguo anampa Kanyaga, ambaye anautia mfukoni na kuukandamiza kwa mkono.)

Mzee, hiyo swichi... Sawa. Sawa, tuseme hiyo ni sehemu ya programu. Naomba sasa tunyanyuke wote kwa kaulimbiu, tumalize kwa heshima kama watu wazima. Nikisema "Kreni!", nyinyi mnajibu "Salama, kwa maendeleo endelevu yenye kupimika!" Kreni!

(Kimya.)

Kreni!

(Mshereheshaji: "Salama, kwa..." Anaona yuko peke yake. Anaketi.)

Vipuri oyee! Matengenezo juu, juu zaidi! MKAMAMAUVIKRE...! Basi.

Imebaki shukrani, na mimi si mtu wa kukosa shukrani. Namshukuru seremala aliyelipigilia sanduku misumari tisini ili lisifunguke mbele ya wageni. Namshukuru mwandishi wa mabango, aliyeniuliza tani ngapi, nikamwambia andika yoyote itakayoenea. Nawashukuru wenye kiwanda cha kamba, popote walipo, maana bado hatujawaandikia barua, na anwani yao sina. Namshukuru Fundi Mkuu kwa maombi yake tisa ya kamba mpya, yote nimeyatunza vizuri, yako kwenye droo ya pili, Mheshimiwa, ndiyo, ufunguo ndio huu, chukua. Namshukuru Kanyaga kwa uvumilivu. Namshukuru mpwa wangu, ambaye naona ameshafika chini na sasa anakumbatiwa na watu wasiomjua hata babu yake, na ambaye namwomba asimpigie simu dada yangu kabla sijampigia mimi.

(Wafanyakazi wanatoka na viti vyao mkononi. Getini boila ya tani kumi na mbili imekaa palepale ilipokuwa asubuhi.)

Na kwa wale wanaoniuliza hapo nyuma, kwa sauti ambayo sikuipenda, mradi huu uko wapi: mradi, ndugu zangu, ulikuwa hotuba hii, nayo imekwisha. Asanteni kwa kunisikiliza.